Mwani wa Paje: bei inaposhuka, hasara inamwangukia nani?

Mwaka 1989 vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, vilianza kulima mwani wa kuuza nje. Mbegu ililetwa kutoka Ufilipino, aina mbili: spinosamu, unaostahimili lakini bei yake ni ya chini, na kotonii, wenye bei nzuri lakini dhaifu. Msingi wa kitaalamu ulikuwa umeshawekwa tangu miaka ya 1970 na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanunuzi walikuwa makampuni binafsi, na nyuma yao viwanda vya Ulaya na Marekani vinavyotoa karajina ndani ya mwani, ule utomvu unaoshikamanisha dawa ya meno, aiskrimu na maziwa ya chokoleti. Kilimo kikaenea pwani nzima ya mashariki, kikavuka mkondo hadi Pemba, na leo wakulima wanakadiriwa kupindukia 20,000, wanane katika kila kumi wakiwa wanawake.

Paje penyewe, kilipozaliwa kilimo hiki, mashamba yamepungua mno. Wanawake wengi wameacha. Kinachonishughulisha hapa si kuacha kwao tu, maana watu huacha kazi kila siku. Ni kwamba waliacha, na mnunuzi hakuhisi haja ya kupandisha bei ili kuwarudisha.

Maelezo ya kawaida tunayajua, yamo katika ripoti za miradi: ubora hafifu, mwani una mchanga, mkulima hajui soko, bahari imepata joto. Yote yana ukweli. Lakini ni majibu ya aina moja. Max Horkheimer, wa ile taasisi ya utafiti wa jamii ya Frankfurt, aliandika mwaka 1937 kwamba ipo nadharia inayochukua mambo kama ilivyoyakuta na kutafuta namna ya kuyaendesha vizuri zaidi, na ipo inayouliza yalifikaje hapo na yanamfaa nani, ambayo huitwa nadharia hakiki. Mwaka 1981 Robert Cox, mwanazuoni wa siasa wa Kanada, aliliingiza swali hilo katika uchumi wa kisiasa wa dunia, akishikilia kwamba hakuna nadharia isiyo na mwenyewe na isiyo na kusudi. Ripoti nyingi za mwani ni za aina ya kwanza: namna ya kumfanya mkulima akaushe vizuri zaidi. Naomba tuchukue njia ya pili, bila kuificha pale inapopwaya.

Mlango ulifunguliwa na nani

Mwani haukuletwa na soko lililoota lenyewe. Karafuu ndiyo iliyoanguka kwanza. Indonesia, mteja mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilipanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Visiwa vilivyokuwa vikiishi kwa zao moja vikabaki bila fedha za kigeni. Kila aliyekuwa mtu mzima wakati ule anakumbuka foleni za mchele na sukari. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Urais wa Zanzibar mwaka 1984, biashara ikaanza kulegezwa. Mwaka 1986 Zanzibar ikapata sheria ya kuwalinda wawekezaji, na mwaka huohuo Jamhuri ya Muungano, sasa Mwinyi akiwa Rais wake, ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya marekebisho ya uchumi: kupunguza thamani ya shilingi, kubana matumizi ya serikali, kuachia bei.

Mwaka 1989, Paje ilipofunga kamba zake za kwanza za biashara, mchumi John Williamson aliorodhesha huko Marekani kanuni ambazo dunia ikaja kuzijua kama Makubaliano ya Washington. Imesadifu tu. Hata hivyo ukisoma orodha ile kisha ukatazama mkataba wa mwani, utadhani viliandikwa katika chumba kimoja: mwekezaji wa nje, zao la kuuza nje, serikali ikae pembeni, bei ijipange yenyewe.

Ila serikali haikukaa pembeni. Ilitoa leseni, ikaelekeza wanunuzi vijijini, ikalinda mali yao kwa sheria. Karl Polanyi, mwanahistoria wa uchumi, alilieleza hilo tangu 1944: soko huria hujengwa kwa mkono wa dola, kisha watu wakaambiwa limekuja lenyewe kama mvua. Jambo moja tu serikali ililiacha, na ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote: bei.

Kwenye maji ya bamvua

Tazama kazi yenyewe. Vigingi vya miti vinapigwa chini mchangani kwa safu, baina yake zinavutwa kamba za mita chache, na kwenye kila kamba vinafungwa vishada vya mbegu kwa vipande vya uzi wanavyoviita taitai. Kufunga kunafanyika pwani kivulini au ndani ya maji, mgongo umeinama. Shambani unaingia maji ya bamvua tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa siku chache kila mara. Upande wetu wa dunia maji ya bamvua hupwa kabisa saa nne, saa tano za asubuhi, yaani kazi inaangukia jua likiwa kali na mwanga unarudi kutoka kwenye maji hadi machoni. Watafiti wameandika juu ya matatizo ya macho, mgongo na majeraha ya miguu kwa wakulima hawa. Hawakuhitaji kwenda mbali kuyapata.

Baada ya wiki sita hivi unavuna. Mwani mbichi unabebwa kichwani au kwa gari la ng'ombe, unaanikwa, unageuzwa, unafichwa mvua ikitokea. Kilo saba hadi kumi mbichi zinatoa kilo moja kavu. Kisha inakuja siku ya mzani. Wakala anatia mkono ndani ya gunia, anakung'uta mchanga, anabonyeza kuona unyevu, anasema unafaa au haufai. Mkono wake ndio kipimo. Miaka ya mwanzo ya 2010 kilo ya spinosamu mkavu ilikuwa inalipwa shilingi 300 hadi 400 hivi, karibu robo ya dola kwa wakati ule.

Sasa gawa hasara. Mvua ya masika ikiharibu mwani ulioanikwa, ni hasara ya mkulima. Upepo wa kusi ukikata kamba, mkulima. Ugonjwa ukiingia na vishada vikageuka vyeupe na kuvunjika, mkulima. Bei ikishuka ng'ambo, kampuni inanunua kwa bei ndogo, na mwenye kuvuna ndiye anayekosa. Kampuni katika miaka ile iliweka kamba, taitai na mbegu ya kuanzia, na kwa sababu hiyo ikadai kwamba kijiji kiiuzie yenyewe tu. Ndiyo gharama yake yote ya shambani. Haina kibarua wa kulipwa mshahara, haina likizo ya uzazi, haina bima ya mguu uliochomwa na kiumbe cha baharini.

Michel Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika mihadhara yake ya Paris ya mwaka 1979, alisema uliberali mamboleo, yaani itikadi ya kuliachia soko liamue, haukomei kwenye biashara huria. Unamtaka kila mtu ajiendeshe kama kampuni, ajipangie mtaji wake, ajibebeshe hasara zake. Wengi hudhani maneno hayo yanawahusu vijana wa maofisini. Mimi nayaona sawasawa kabisa pale mwanamke wa Paje anaposimama na maji ya magotini, ana hadhi ya mfanyabiashara huru kwenye makaratasi, na hana uhuru wa kuuliza bei kabla ya kupanda.

Kuna wakati wanunuzi wengine walikuja bila kuleta kamba wala mbegu, wakatoa shilingi chache zaidi. Kampuni zilizotangulia zikalalamika kwamba zinaibiwa. Ni ajabu kidogo kuwasikia wanaohubiri ushindani wakiomba walindwe nao, lakini ndivyo ilivyo: penye wanunuzi wachache na wauzaji maelfu, ushindani ni nidhamu ya upande mmoja. Wanunuzi wameshika mpini.

Masurufu

Sehemu hii vitabu vya Ulaya havisaidii sana peke yao, na ndipo kisa kinapopata ladha.

Claude Meillassoux, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, alieleza mwaka 1975 jinsi mtaji unavyoweza kununua kazi kwa bei ya chini kuliko gharama ya kumlisha mfanyakazi, kwa kuwa kumlisha kunafanywa na kaya kwa njia zake: shamba la mihogo, uvuvi, kazi ya nyumbani isiyolipwa. Nancy Fraser na wanawake wengine wa nadharia hakiki wamelipanua hilo: nyuma ya kila bei iliyo chini ipo kazi ya kupika, kuteka maji na kulea ambayo haiandikwi popote. Mwani wa Zanzibar unaingia humo bila kulazimishwa. Shilingi 400 haiwezi kumlisha mtu aliyeitolea jasho, na haikukusudiwa imlishe. Mihogo, samaki wa mume na pweza aliyechokolewa mwambani ndivyo vilivyomlisha.

Lakini kwa nini mwanamke akubali? Hapa lazima uijue nyumba ya Kiswahili. Masurufu ni wajibu wa mume. Chakula, nguo, paa, vyote juu yake kwa sheria ya dini na kwa mila. Anachokichuma mke ni chake. Mume hana haki ya kukidai. Kabla ya mwani njia za mwanamke wa pwani ya mashariki kupata fedha mkononi zilikuwa chache: kusokota kamba za makumbi, kusuka ukili, pweza na chaza. Mwani ulileta fedha zinazohesabika, kila baada ya wiki kadhaa, na zikawa zake. Miaka ya 1990 fedha hizo zilinunua makabati, vyombo, dhahabu kidogo, sare za skuli, mabati ya nyumba. Ziliingia kwenye mchezo wa upatu. Mwanamke aliyewahi kuomba ruhusa na nauli sasa aliomba ruhusa tu.

Ukilisoma hilo kwa jicho la unyonyaji pekee utawafanya wanawake wa Paje wajinga waliodanganywa, na hawakuwa hivyo. Walifanya hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa mazingira yao. Ukilisoma kwa jicho la wafadhili pekee utasema mwani umemkomboa mwanamke, na utakuwa umefumba jicho la pili. Ukweli unaotisha ni kwamba mambo mawili haya yalishikana. Kwa sababu masurufu yalikuwa ya mume, kampuni haikulazimika kulipa bei ya kumlisha mtu. Uhuru wa mke juu ya fedha yake, jambo la heshima lililotoka ndani ya dini na mila, ndio uliobeba bei ya chini hadi ikavumilika. Antonio Gramsci, mwanafikra wa Kimarx wa Italia, alijua kwamba mamlaka madhubuti hukaa juu ya ridhaa, na ridhaa haiundwi kwa uongo mtupu. Lazima ndani yake kuwe na kitu cha kweli anachokipata aliyeridhia.

Mpango huo ulidumu kwa sharti moja: mume aendelee kuleta masurufu. Kadiri uvuvi wa karibu na mwamba ulivyopungua na gharama za skuli, dawa na unga zikapanda, fedha ya mwani ikaacha kuwa ya kabati na dhahabu, ikageuka kuwa chakula cha jioni. Ilipoitwa kufanya kazi ya masurufu ndipo ilipoonekana jinsi ilivyo ndogo.

Kotonii inakufa

Kisha maji yakapata joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa mashamba kwa mashamba kwenye maji mafupi, na ikabaki spinosamu, ile ya bei ndogo. Watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Unguja, walihimiza kulima kwenye maji ya kina, kwa kamba zinazoelea, na kusarifu, yaani kusindika, mwani papa hapa visiwani. Kitaalamu ni ushauri mzuri. Ila kina kinataka chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea. Mwenye boti ni mwanamume, au mwenye fedha. Suluhisho la bahari lilikuwa linaelekea kuligeuza zao la wanawake kuwa zao la wenye vyombo.

Serikali iliingilia kati. Sera ya Uchumi wa Buluu ilitoka 2020, na baada ya mkopo wa nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19, sehemu ya fedha iliyofika Zanzibar ilinunulia boti na zana kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Nasita kulicheka jambo hili ingawa linachekesha: shirika lilelile ambalo mwaka 1986 lilitaka serikali ibane matumizi yake, safari hii fedha zake ziliinunulia serikali boti za kugawa. Boti ni kitu halisi na ina faida. Lakini angalia tatizo limewekwa wapi. Mkulima amepewa chombo cha kumfikisha kwenye maji baridi zaidi. Bei inayomsubiri akirudi nchi kavu haikuguswa. Na joto la bahari limetoka kwenye mabomba ya moshi ya nchi nyingine, wala bili haikupelekwa huko.

Walioacha, na hoteli

Wakati huohuo ufukwe wa Paje ulipata thamani nyingine. Mchanga mweupe, maji ya kifundoni, upepo wa kusi na kaskazi: kila kilichofaa kwa mwani kinafaa kwa mchezo wa kaiti, wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Hoteli na nyumba za wageni zikajipanga nyuma ya mchanga. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu amri ya 1965, na mwekezaji hukodishwa kwa muda mrefu, ana karatasi. Shamba la mwani halina karatasi. Ni la aliyepiga vigingi, na jirani yake analiheshimu, basi.

Mwanajiografia David Harvey mwaka 2003 aliita mchakato wa namna hii ulimbikizaji kwa kunyang'anya. Nakubali nusu. Hapa hakuna polisi aliyekuja kung'oa vigingi usiku. Bei ndogo ilifanya kazi hiyo taratibu: mwanamke aliyechoka na shilingi 400 akaacha kamba zake zioze, na eneo likawa wazi. Wengine walihamia kuuza vyakula na vikoi, wengine kufua shuka za hoteli, wengine kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani ya kuuzia wageni. Sabuni hiyo moja, mkononi mwa mtalii, inazidi bei ya kilo kadhaa za mwani mkavu, na hapo thamani inabaki kijijini. Ni jambo la maana. Ila sabuni zote za Unguja haziwezi kumeza tani elfu na elfu zinazovunwa.

Na kule kuacha? Katika kiwanda kungeitwa mgomo. Hapa haukuwa mgomo, kwa kuwa mnunuzi alikuwa na Pemba, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huko. Alikuwa na pwani ya Tanzania Bara. Zaidi ya hayo kuna Indonesia, inayozalisha kiasi ambacho uzalishaji wetu wote unaonekana mdogo kando yake. Wanawake wa Paje walitumia silaha pekee ambayo soko huria linakupa, ya kuondoka, na haikukata kitu.

Abdulrahman Babu, mwanasiasa na mwanamapinduzi aliyezaliwa hapahapa Zanzibar mwaka 1924, hakuchoka kuonya juu ya uchumi unaozalisha usichokitumia na kutumia usichokizalisha. Mwani hatuuli. Mwenye zao asiloweza kulipika hana la kufanya mbele ya mzani ila kukubali.

Na karafuu je?

Msomaji wa Pemba atakuwa ameshauliza, kwa sababu nyumba moja huko huwa na mikarafuu juu ya kilima na kamba za mwani chini pwani. Karafuu haikuachiwa soko. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, limebaki mnunuzi pekee kwa sheria. Je, huko mkulima alinufaika? Kwa miaka mingi, hapana. Dola ilimlipa sehemu ndogo ya bei ya dunia, ikamfuata na vikosi alipovusha magunia ya magendo kwenda Mombasa. Ni baada ya 2011 serikali ilipoamua kumlipa mkulima kiasi cha asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje ndipo mambo yalipogeuka, na magendo yakapungua bila risasi.

Kwa hiyo mjadala wa serikali dhidi ya soko, ambao mahasimu na watetezi wa uliberali mamboleo wote wanaupenda, hautufikishi mbali. Mnunuzi mmoja wa serikali alinyonya, wanunuzi binafsi wachache wamenyonya. Tofauti iliyozaa matunda ni ile ahadi ya asilimia, inayojulikana kabla ya kuchuma, na inayomwacha mnunuzi akiwa na sehemu yake ya mshtuko bei ikiyumba.

Serikali sasa ina kampuni yake ya mwani, na kiwanda cha kusarifu kilipangiwa Chamanangwe, Pemba. Wengi wanatazama mashine. Mimi ningetazama karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa mkulima: je, utakuwa na bei ya chini kabisa iliyotajwa kabla ya kamba kufungwa, pamoja na sehemu ya bei ya nje kama ya karafuu, au utasema bei itategemea soko? Ya pili ni utaratibu wa siku ya mzani: je, unyevu utapimwa kwa kifaa, mbele ya kamati ya wakulima, na namba kuandikwa, au ataendelea kuja mtu wa kutia mkono ndani ya gunia?